Kabla Hujaivunja Giaboksi ya Datsun 240Z, Isome Kwanza

Swali: Shikamoo mzee. Nimeachiwa na marehemu baba Datsun 240Z ya mwaka 1973 yenye gia tano. Imekaa bandani hapa Mombasa kwa miaka 11. Injini nimeifufua na inakwenda vizuri, lakini giaboksi inavuma kwenye gia zote isipokuwa ya nne, na nikirudi kutoka gia ya tatu hadi ya pili inasaga. Fundi wangu anashauri tusipoteze muda, tutafute giaboksi ya pikapu ya Datsun tuifunge. Mimi ningependa gari libaki kama baba alivyoliacha. Tukiifungua hii, tuangalie nini ndani, na tutajuaje kipi kinafaa na kipi hakifai?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kumpoteza mzee. Nianze na jibu fupi: usinunue giaboksi ya pikapu bado. Dalili mbili ulizozieleza zinaonyesha ugonjwa ulipo kabla hata ya kushika spana, na kwa maelezo yako ninaona dalili za beringi zilizochoka na pengine sinkronaiza moja (kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia na wa shafti ili gia iingie bila kusaga) iliyolika, wala si gia zilizokufa. Hata hivyo, lazima ifunguliwe, na ikifunguliwa isomwe kwa utulivu, kwa sababu kila kipande kinabeba alama za namna kilivyofanya kazi, na alama hizo zikishaoshwa na vipande vikachanganywa hakuna wa kuzirudisha.

Tuuangalie mvumo kwanza. Ndani ya giaboksi hii mna shafti ya mbele inayopokea nguvu kutoka kwenye klachi, shafti kuu inayoipeleka nguvu kwenye propela (shafti ndefu inayoelekea magurudumu ya nyuma), na shafti ya chini ambayo gia zake zimeshikamana nayo daima. Katika gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya tano, nguvu hushuka kutoka shafti ya mbele hadi shafti ya chini, kisha hupanda tena hadi shafti kuu. Katika gia ya nne shafti ya mbele hufungwa moja kwa moja na shafti kuu, na shafti ya chini, ingawa inaendelea kuzunguka, haibebi mzigo wowote. Kwa hiyo giaboksi inayonyamaza kwenye gia ya nne na kuvuma kwenye nyingine zote inakuelekeza kwenye beringi za shafti ya chini, au kwenye beringi ndogo ya sindano iliyo kati ya pua ya shafti kuu na tumbo la shafti ya mbele, ambayo kwenye gia ya nne haina kazi kwa kuwa shafti hizo mbili zinakwenda kwa mwendo mmoja. Ongeza jaribio moja: injini ikiwa inanguruma taratibu na gari likiwa nyutro, sikiliza, kisha kanyaga klachi. Mvumo ukitoweka unapokanyaga, uko ndani ya giaboksi, upande wa shafti ya mbele au ya chini. Ukianza pale unapokanyaga, basi ni beringi ya klachi inayolia, na giaboksi haina hatia.

Kusaga kwa gia ya pili nako kuhakikiwe kabla ya kuhukumu. Gari lililosimama miaka 11 mara nyingi huwa na silinda za klachi zilizoota kutu ndani na zisizosukuma diski ikaachia sawasawa. Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu polepole hadi sekunde tano, kisha ingiza gia ya rivasi, ambayo kwenye giaboksi hii haina sinkronaiza. Ikiingia kimya, klachi yako inaachia, na kosa liko kwenye gia ya pili yenyewe. Ikisaga, shughulikia klachi kwanza, kwa sababu klachi inayoburuta itaziua pete mpya za sinkronaiza kama ilivyoziua za zamani. Nimeona watu wakilipia giaboksi mara mbili kwa kuruka jaribio hili la dakika moja.

Giaboksi inatokea chini ya gari bila kuitoa injini: propela, kebo ya spidi, stata, silinda ndogo ya klachi, mkono wa gia na kiti cha nyuma cha giaboksi, kisha bolti za kengele, yaani kasha pana la mbele linaloifunika klachi. Kazi hiyo fundi wako anaijua. Ninachomwomba ni jinsi ya kumwaga oili. Aimwage gari likiwa limetoka kuendeshwa, oili ikiwa moto na uchafu ukiwa bado unaelea, naye aipitishe kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichotandazwa juu ya beseni safi. Halafu mtoke na kitambaa hicho juani, mkitazame wote wawili.

Mtaona mambo ambayo hakuna kipimo cha gereji kinachoyasema wazi hivyo. Tope la kijivu laini kama majivu yaliyolowa ni uchakavu wa kawaida wa miaka mingi. Chembe zinazometa rangi ya dhahabu, ambazo sumaku haizigusi, ni shaba iliyotoka kwenye pete za sinkronaiza, kama giaboksi yenu ni ya aina yenye pete za shaba. Vipande vyembamba vya chuma vinavyorukia sumaku, vyenye umbo la magamba ya samaki, vimemomonyoka kutoka kwenye uso wa beringi au wa jino la gia, na hapo ujue mvumo una ushahidi. Pande la chuma lenye kona ni jino lililokatika. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, jambo lisilo la ajabu kwa hewa ya Pwani, ambapo unyevu hupumuliwa ndani ya kasha usiku na mchana mwaka hadi mwaka. Kitambaa hicho msikitupe. Kikunjeni na kukihifadhi hadi kazi iishe.

Giaboksi ikiwa juu ya meza, kabla ya kufungua bolti hata moja, hakikisheni ni ipi. Gari la umri huu limepita mikono mingi, na giaboksi iliyomo si lazima iwe ile iliyotoka nayo Japani. Nissan, waliotengeneza Datsun, waliziita hizi kwa namba kama FS5C71B na FS5W71B: 71 ni umbali kwa milimita kati ya kitovu cha shafti kuu na kitovu cha shafti ya chini, herufi C ni sinkronaiza ya mfumo wa Porsche, na herufi W ni ya mfumo wa Warner wenye pete za shaba. Weka alama ya chaki kwenye shafti ya mbele na nyingine kwenye mdomo wa shafti ya nyuma, ingiza gia ya kwanza, kisha zungusha ya mbele kwa mkono huku mwenzako akihesabu. Kama ya mbele inazunguka mara 29 wakati ya nyuma inazunguka mara 10, una gia ya kwanza ya 2.906, ile ya FS5C71B ya gari la michezo. Ikifika mara 33, una 3.321, ambayo ndiyo iliyofungwa kwenye 280Z za Marekani za mwaka 1977. Mkiwa hapo hapo, pitisheni gia zote moja moja na kuzungusha taratibu, kiganja kimoja kikiwa juu ya kasha. Beringi yenye vishimo huhisiwa mkononi kama mchanga kabla sikio halijaisikia.

Sasa kufungua. Kama ni aina ya 71B, kengele ya klachi imesubuliwa pamoja na kasha la mbele, na katikati kuna bamba linalobanwa kati ya kasha hilo na mkia, yaani kasha la nyuma. Kifuniko cha mbele ndani ya kengele kitoke kwanza, na hapa nasisitiza: nyuma yake kuna kibamba chembamba cha kurekebisha nafasi ya beringi ya mbele ya shafti ya chini, ambacho hunata kwenye oili na kuanguka bila mtu kukiona. Kisha inatolewa saklipu (kipete cha chuma cha kuzuia) iliyoizunguka beringi ya shafti ya mbele, swichi ya taa ya rivasi na vizibo vya mkiani, halafu mkia, na mwisho kasha la mbele linagongwa kwa nyundo ya plastiki hadi liachie bamba. Usipenyeze bisibisi kati ya nyuso mbili za aluminiamu, kwani kila mkwaruzo utakuwa njia ya oili kuvuja. Kinachobaki mbele yako ni kitu kizuri sana kukitazama: shafti zote, gia zote na foki zote (mikono midogo inayosukuma gia ziingie) zikiwa zimesimama juu ya bamba moja. Lifungeni bamba hilo kwenye jiliwa, kwa vipande vya mbao pande zote mbili, kisha wekeni spana chini.

Nasema wekeni spana chini kwa sababu hapa ndipo nilipokosea nilipokuwa kijana. Giaboksi yangu ya kwanza ya aina hii niliitenganisha yote kwa asubuhi moja, nikaosha kila kitu kwenye petroli hadi kikang'aa, nikavipanga vipande kwa ukubwa. Nilipoifunga, gia ya pili ikawa inaruka kila mguu ukitolewa kwenye mafuta. Pete ya gia ya tatu niliipeleka kwenye ya pili, silivu (pete inayoteleza juu ya shafti kuu na kuifunga gia) niliigeuza upande, na hakuna nafasi hata moja niliyokuwa nimeipima ikiwa nzima. Mwenye gari alinivumilia. Mimi tangu siku ile sitoi kipande kabla sijakipima mahali pake.

Vipimo vyenyewe ni vichache. Kwa fila geji, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, pimeni nafasi ya mbele na nyuma ya kila gia iliyo juu ya shafti kuu, muandike, kisha mlinganishe na mwongozo wa kiwanda wa giaboksi yenu. Nafasi iliyopita kipimo inasema kola ya kukinga au ubavu wa gia umelika. Shikeni shafti ya chini na kuitikisa juu na chini: isicheze. Tazameni nati kubwa ya shafti kuu, nyuma ya bamba, upande wa gia ya tano, kwa kuwa kwenye jamii hii ya giaboksi nati hiyo ikilegea, gia za nyuma huanza kutembea, na uharibifu wake hufanana na ugonjwa mwingine kabisa. Kama mdomo wake uliokunjwa kwenye ufa wa shafti umefunguka, mmepata jambo kubwa.

Kisha sinkronaiza. Kama mmekuta pete za shaba, yaani mfumo wa W, sukumeni pete kwa vidole juu ya koni ya gia yake, kisha mpime kwa fila geji nafasi iliyobaki kati ya meno ya pete na meno madogo ya ubavuni mwa gia. Pete mpya huacha milimita 1.2 hadi 1.6. Ikishuka chini ya milimita 0.8 pete imekwisha, hata kama kwa macho inaonekana nzuri. Pimeni sehemu kadhaa kuuzunguka mduara, kwa maana pete huweza kulika upande mmoja. Ndani ya pete kuna mistari myembamba kama ya skrubu, ambayo kazi yake ni kuikata oili ili shaba iikamate koni. Mistari yenye ncha kali bado ina uhai, na iliyolala bapa na kung'aa kama kioo itateleza tu. Pakeni oili kidogo kwenye koni, bonyezeni pete na kuizungusha: pete nzuri inang'ang'ania.

Kama ni mfumo wa C, ambao ndio ninaoutarajia kwenye gari lako, hakuna pete ya shaba, na kile kipimo cha milimita 0.8 hakihusiki. Badala yake kila gia ina pete ya chuma yenye ufa, na ndani ya pete hiyo mna vipande vidogo vya kuibana na kuikaza, vyote vikizuiwa na saklipu. Pete hii hupanuka inaposukumwa na silivu, na kadiri mwendo wa gia na wa shafti unavyotofautiana ndivyo inavyozidi kubana. Pitisheni ukucha juu ya mgongo wake. Ikilika, mgongo hupoteza mviringo na kuwa na tambarare inayometa, hasa kwenye gia ya pili, inayofanyishwa kazi kuliko zote. Viangalieni pia vile vipande vya ndani: vikilika, pete mpya nayo itasaga. Na kwa mfumo huu wa C, uvumilivu wa dereva ni sehemu ya mashine, kwa kuwa mkono unaolazimisha gia ya pili ndio unaoumaliza.

Kwa mifumo yote miwili tazameni ncha za meno madogo ya ubavuni na ncha za ndani ya silivu. Zinapaswa kuwa na umbo la paa la nyumba, pande mbili zikikutana juu. Jino lililosaga miaka mingi huwa mviringo kama kidole, na gia yenye meno ya namna hiyo haitaponywa kwa kubadilisha pete peke yake. Hapa ndipo uamuzi wa gharama ulipo: pete ni kitu kidogo, gia ni kitu kikubwa. Kama ncha zimeumia kidogo tu, mimi huirudisha gia ile ile. Kama nusu ya umbo la paa imepotea, natafuta gia.

Nimeziacha beringi hadi hapa kwa makusudi, kwa sababu kwa gari lako ndizo ninazozishuku zaidi. Gari likisimama, oili hushuka yote chini, na beringi za juu hubaki wazi kwa hewa ya bahari. Osheni beringi moja kwa mafuta ya taa, ikaushwe kivulini, kisha muizungushe kwa kidole, polepole sana, mkiwa na tochi. Kamwe msiizungushe kwa upepo wa kompresa, maana beringi kavu inayozungushwa hivyo hujiharibu na inaweza kupasuka usoni kwa mtu. Mnachotafuta ni michirizi ya kahawia au myeusi iliyokaa kwa nafasi sawa kwenye njia ya gololi, mmoja kwa kila gololi. Hayo ni makovu ya kutu ya mahali ambapo kila gololi ililala kwa miaka 11 bila kusogea, na baba yako angeweza kuwa ameiegesha giaboksi ikiwa nzima kabisa. Sindano za ile beringi ndogo ya pua mzimimine kwenye sahani nyeupe, mtazame pia pua yenyewe ya shafti: mfereji unaoshika ukucha maana yake beringi mpya haitatosha. Kwa vyovyote, giaboksi ikishafunguliwa beringi zote zibadilishwe, pamoja na sili za mbele na nyuma na bushi ya shaba iliyo kwenye mwisho wa krankishafti. Beringi zina namba ubavuni na wauza beringi wa Mombasa na wa Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi huzitafuta kwa namba hizo, si kwa jina la gari.

Meno makubwa ya gia hayahitaji maneno mengi. Uso wenye mng'aro sawa ni mzuri, vishimo vidogo vilivyotawanyika vinavumilika, magamba yaliyobanduka hayavumiliki, na rangi ya samawati inamaanisha chuma kilichoungua kwa kukosa oili. Foki zitazamwe kwenye vidole vinavyogusa silivu. Mnapozivuta shafti za foki, funikeni kwa kitambaa, kwa kuwa kuna gololi na springi zitakazoruka, na kati ya shafti hizo kuna vipande vya kuzuia gia mbili zisiingie pamoja. Kipande kimoja kikisahaulika, giaboksi itajifunga siku moja gari likiwa njiani.

Kuhusu pikapu, namwelewa fundi wako, na wala hakukosea kuona undugu, kwani baadhi ya pikapu za Datsun zilitumia jamii hii hii ya 71. Lakini injini za silinda nne za familia ya L zilifungwa zikiwa zimeinama kidogo upande mmoja, hivyo kengele ya giaboksi zake imekatwa kwa pembe nyingine, na ukiifunga kwenye injini yako ya silinda sita giaboksi itakaa imeinama. Ili ikae wima lazima kasha la mbele la 240Z lihamishiwe juu yake, maana yake ni kuzifungua zote mbili. Mkono wa gia nao si lazima utokee mahali pale pale, na uwiano wa gia hautakuwa wa gari la baba yako. Gari la aina hii lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973, mwaka wa gari lako, likiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Gia zake zilizokaribiana ni sehemu ya tabia yake, nami ningesikitika ziondoke kwa ajili ya beringi chache. Pikapu ibaki kuwa akiba ya vipuri endapo mtakuta gia iliyovunjika, na hata hapo mhesabu meno kabla ya kulipa.

Mkiifunga, mtumie oili ya 80W-90 ya daraja la GL-4. Muuzaji akikwambia GL-5 ni bora kwa kuwa namba ni kubwa, mshukuru na usiichukue: GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, ina viungo vya salfa na fosforasi kwa wingi zaidi, ambavyo vinaweza kuila shaba na huifanya sinkronaiza iteleze badala ya kushika. Chunguzeni pia kola inayobeba beringi ya klachi kabla ya kuirudisha, kwa sababu kola za familia ya Z zina urefu tofauti kulingana na presha pleti (bamba linaloibana diski ya klachi), na isiyolingana itakuletea ule ule usagaji mliokuwa mkiukimbia.

Endesha kilomita 500 kwa mkono mwepesi, kisha mwaga oili hiyo ingali moto kwenye kitambaa kingine cheupe, ukitandaze juani pembeni ya kile cha kwanza. Unga laini wa kijivu ni wa vipande vipya vinavyozoeana. Ukiona gamba hata moja linalorukia sumaku, usiendelee kuendesha, niandikie na unipigie picha ya vitambaa vyote viwili.